Kibali cha Kukaa Kwenye Nyasi

Benchi lile liko hatua chache ndani ya geti la bustani ya halmashauri, na mgongoni bado lina namba ya halmashauri iliyopakwa kwa rangi nyeupe, ingawa waliolikalia miaka kumi na tisa wangekuapia kwamba ni lao. Kushoto hukaa Fundi Soli na kisanduku chake cha gundi, nyuzi na misumari. Katikati ni Wakili, ambaye sheria hajaisomea hata siku moja, ila aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi, na tangu hapo hashikiki. Kulia ni Redio, kinyozi, ambaye habari humfikia kabla hazijatokea. Mama Birika huwamiminia kahawa na kuwavumilia. Ijumaa hiyo, saa nane na nusu mchana, kahawa ilikuwa ya moto na Soli alikuwa na fomu mkononi na jasho usoni.

Jumamosi ya wiki ijayo mama yake Soli anatimiza miaka themanini. Kwa miaka ishirini na miwili bibi huyo alifagia njia za bustani hii hii, enzi zile kila kona ina kibao cha USIKANYAGE NYASI, naye kweli hakuzikanyaga. Wanawe walipomuuliza anataka zawadi gani, wakitegemea atasema blanketi, alisema anataka kukaa kwenye nyasi zile na wajukuu wake, ale palepale, na asifagie. Soli ndiye kifungua mimba, kwa hiyo kibali kikamwangukia yeye, na kwa kiherehere akamwambia mama kwamba mambo yameshaiva. Bibi akatoa gauni sandukuni, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango. Kumbe fomu hata haijajazwa. Inatakiwa iingie siku saba kabla, kesho ofisi imefungwa, na leo dirisha la kupokea fomu linafungwa saa kumi. Soli hukata ngozi kwa jicho tu bila kupima, lakini mbele ya fomu hajui aanzie wapi. Basi akafanya kosa ambalo ni mtu wa benchi lile tu angelifanya: alimpa Wakili kalamu.

— Penye wengi hapaharibiki neno, — alisema Wakili, akikunja mikono ya shati. — Idadi ya watu?

— Kumi na wanne. Na mama, kumi na watano.

— Kumi na watano? — Redio aliguna. — We bwana, watadhani unawachezea. Nina mteja alinyimwa kwa uchache.

— Kwa uchache?

— Kwa uchache! Mkubwa akichungulia dirishani anataka kuona umati. Vinginevyo bustani ya nini?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alikubali Wakili. — Naandika mia tatu.

— Mia tatu nitawatoa wapi, jamani?

— Hilo la baadaye. Kwanza kibali. Hema?

— Hakuna hema. Mama anataka nyasi.

— Mia tatu bila hema? Mahema sita. Vipaza sauti?

— Mama yangu hahutubii, Wakili. Anakuja kula.

— Akishukuru wa nyuma watasikiaje? Vipaza sauti vinne. Michezo?

— Watoto labda watavuta kamba.

Wakili aliinua kalamu juu.

— Kamba hukatikia pembamba! Mmesikia? Wahenga walishaona. Gari la wagonjwa, moja.

— Na keki? — aliuliza Redio. — Mishumaa mingapi?

— Si themanini.

— Themanini! Huo si mshumaa tena, huo ni msitu unaungua. Andika gari la zimamoto.

— Nimeandika. Na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Pale ni nyasi tupu! Mtaalamu wa nyoka, mmoja.

— Wawili, — alisema Redio. — Mmoja akishtuka, mwenzake amshike.

— Soli, kaka yangu, — Mama Birika alisema taratibu huku akimimina, — hiyo fomu si ungejaza mwenyewe?

Soli aliitazama fomu. Pembeni imejaa maandishi madogo, juu pana alama ya kikombe, na pale palipoulizwa "wanyama" Wakili alikuwa ameandika "nyoka (watadhibitiwa)". Roho ilimuuma. Alilifikiria lile gauni nyuma ya mlango, akafikiria atakavyorudi nyumbani kumwambia mama alirudishe sandukuni. Tena si halmashauri iliyomharibia. Ni marafiki zake, na wanampenda.

Wakati huo akaja dada mmoja akirukaruka kwa mguu mmoja, kiatu mkononi na kisigino chake mkono wa pili. Begi la makaratasi lilimning'inia begani.

— Kaka fundi, niokoe. Nimeacha kazi mezani.

— Kaa hapo, dada. Gundi ishike kidogo tu.

Akakaa. Mama Birika akampa kikombe. Mtu akikaa kwenye benchi lile hana pa kutazama ila kwenye mambo ya wenzake, naye akaivuta ile fomu, akaisoma mpaka chini.

— Mnaleta nani hapa, rais?

— Mama yangu, — alisema Soli.

— Na hapa pa "madhumuni ya mkusanyiko" mbona hamjaandika kitu?

Wakili alimtazama Redio. Redio akaitazama kahawa yake. Kweli, walikuwa wamepita hapo kwa kasi, wakiwahi mahema. Soli aliacha kugonga kisigino. Akaeleza kisa chote huku kiatu kiko katikati ya magoti: fagio, vibao, gauni.

Yule dada aliweka kikombe chini, akafungua begi, akatoa fomu nyingine safi, ya ukurasa mmoja.

— Watu chini ya ishirini, bila hema, bila vipaza sauti, wanajaza hii tu. Andika wewe mwenyewe, kaka.

— Umeipata wapi hiyo? — Redio alishtuka. Habari hii haikuwa imemfikia.

— Dirisha la bustani ni mimi.

Wakili alijifanya anakohoa.

— Lakini saa kumi inakaribia, dada, — alisema Soli. — Dirisha litafungwa.

— Litafungwaje? Si liko hapa linasubiri kisigino.

Soli akajifuta gundi kwenye aproni, akashika kalamu. Watu: kumi na watano. Hema: hakuna. Kwenye madhumuni aliandika, "Mama yangu akae kwenye nyasi." Hakumuuliza mtu.

Dada alivaa kiatu, akakanyaga mara mbili kujaribu, akaiweka fomu begini.

— Jumatatu njoo uchukue nakala yenye muhuri. Mwambie bibi avae gauni lake. — Kisha akageuka. — Na nyinyi?

— Sisi tumefanyaje? — aliuliza Wakili.

— Mnakaa hapa tangu lini?

— Miaka kumi na tisa! Kila siku! — alisema Redio kwa majivuno, kabla Wakili hajamkanyaga mguu.

— Kwenye benchi la halmashauri, ndani ya bustani ya halmashauri. — Alitoa fomu moja zaidi, akaiweka katikati ya Wakili na Redio. — Jazeni taratibu. Ni rahisi.

Akaenda zake kwa miguu miwili, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

— Ukali wa nini sasa? — alisema Redio. — Haya, andika. Idadi?

— Wanne, na Mama Birika humo, — alisema Wakili kwa unyonge.

— Hema?

— Hakuna.

— Vipaza sauti?

Wote walimtazama Redio.

— Kimoja, — alisema Soli, na Wakili akaandika.

— Madhumuni ya mkusanyiko?

Kalamu ikasimama. Wakili alijikuna kisogo. Redio alifungua mdomo, akaufunga, jambo ambalo Mama Birika hakuwahi kuliona.

— Kahawa? — alijaribu Wakili. — Tuandike kahawa.

Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Wakili. Hapakutoka hata tone.

— Kahawa imekwisha, — alisema.

Hakuna aliyeinuka.