Kaseti ya Zamzam Si Urithi

Sogeeni, wanangu, nyote watatu, mnisikilize ningali na akili zangu, na wewe Riyadh uje upande huu, maana sikio la kule lilishatangulia kufa.

Nyumba hii ya Kismayu sina la kusema juu yake, kadhi ataigawa kama sheria inavyotaka, ila Shamsa asidhulumiwe fungu lake kwa kuwa hajui kupiga kelele. Tarumbeta ni ya Bakri. Usinikatize, Sheikh Bakri, najua mrithi hawekewi wosia, ndiyo maana nakupa sasa hivi ningali hai na hawa wawili ni mashahidi: ichukue, ishike vizuri, haiumi. Nakupa wewe unayeichukia, kwa sababu hutaipiga. Ndugu yako angeipiga, tena vibaya.

Imebaki kaseti ya video, na hapo ndipo mnapotaka kutoana macho. Riyadh anataka kuitia kwenye mtandao dunia nzima inione, Bakri anataka kuichoma. Basi ijueni kwanza mnayoigombania, kwa sababu nyinyi wanaume wa nyumba hii mmeisikia tu: kila ilipowekwa, mama yenu, Mungu amrehemu, alitundika leso mbele ya televisheni, mkakaa na mimi hapo kusikiliza muziki huku tukikodolea maua ya leso.

Mimi shule niliiacha ningali mdogo, nikajifunza kupuliza katika bendi ya polisi, jazi nikaiokota kwenye redio za mabaharia pale bandarini, na kabla ya vita hakukuwa na mpiga tarumbeta wa kunifikia kutoka hapa hadi Mogadishu, na kama alikuwapo, alikuwa amelala. Siku ya onyesho langu, hilo la kwenye kaseti, niliwekewa okestra nzima nyuma yangu, safu za fidla, watu wa suti wanaosoma noti kwenye karatasi, na mimi nisiyejua kusoma hata moja nikawaburura nilikotaka. Wageni wangu walikuwa watu wa visiwani, Mzamil wa Fuma na zumari yake, na Zamzam wa Kudha, aliyeimba kichwa wazi, nywele zimesukwa zikapambwa asumini, wala hakuna aliyeshangaa, ndivyo waimbaji walivyokuwa zama zile.

Zamzam alipomaliza alikuwa amesimama chini ya ngazi za jukwaa. Nikaipokea sauti yake kwa noti moja, nikashuka nayo ngazi zote, nikamzunguka, nikapanda tena mpaka juu, noti ileile. Mzamil mpaka leo anawaambia watu kwamba ilikatika kwenye ngazi nikavuta pumzi fidla zikinifunika. Kwa sauti tupu simshindi, maana anayesikiliza tu atajuaje kama nilitembea au nilikaa kitako? Picha ndiyo inayomziba mdomo. Na mpiga picha wetu kazi yake ilikuwa harusi, kazoea kutomwacha bibi harusi hata kidogo, basi kamera yake ilimganda Zamzam mwanzo hadi mwisho, na mimi naonekana kwa sababu tu nilipita nyuma yake na mbele yake.

Vita vikatutawanya, kaseti ikavuka mpaka ndani ya mzigo wa nguo za mama yenu. Tukiwa Mombasa, Zamzam akanijia, amekwisha kuhiji, ana wajukuu. Akaniambia kwa lahaja ya kwao, "Fumo, nasikia unayo kaseti. Sauti ilishatoka, siwezi kuirudisha, lakini uso ni wangu. Sitaki mchu anione."

Nikamwambia, "Na mimi je, nitaonekana vipi?"

Akacheka. "Wewe ushajisifu ya kukutosha mpaka kiyama."

Tangu siku ile mama yenu akaanza kutundika leso, na kaseti si mali yangu, ni amana. Unasema, Riyadh, siku hizi uso unaweza kufichwa. Mwanangu, watu wa Kudha watamjua kwa mabega yake, kwa anavyoshika upindo wa nguo. Na wewe Bakri usitabasamu, kiberiti chako kiweke mbali: amana hairudishwi ikiwa majivu.

Shamsa, nikishazikwa, panda boti uende Kudha, alikorejea, umkabidhi Zamzam mkononi mwake, si mkononi mwa mkwe wala jirani. Akiivunja mbele yako, usikunje uso. Na Riyadh, dada yako ameniambia uliipeleka kwa fundi mjini akaihamishia kwenye simu yako. Ifute. Sasa, si kesho. Shamsa, tazama, imefutika? Haya.

Mzamil atakuja mazikoni, namjua, atakula wali wetu kisha aseme, "Fumo, Mungu amsamehe, alikuwa mwongo, noti ile ilikatika." Na nyinyi hamtakuwa na cha kumwonyesha. Msimjibu. Bakri, usinitetee kwa hasira, Riyadh, usiape. Mwongezeeni mchuzi, mwacheni aniite mwongo aende zake ameshiba. Hilo ndilo ninalowaachia... zito kuliko nyumba.

Niinue kidogo, Shamsa... hapo. Kaburi langu liwe karibu na la mama yenu, bila maneno mengi. Msitengane... mkikasirikiana, salimianeni hivyo hivyo. Radhi zangu mnazo, nyote, hata wewe Riyadh... Mungu awafungulie, awahifadhi na aibu za watu... na watu wahifadhike na zenu...

Haikukatika, wanangu.