Miaka Thelathini na Mbili ya Kutomwamini Mtu: Mama Shaka Anafunga Rejista

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Karani Mkuu wa Kamati ya Nidhamu ya Wanafunzi atafunga kabati la mashauri, atalivuta kufuli mara mbili kuhakikisha, atapiga hatua tatu kwenda mlangoni, kisha atarudi kulivuta mara ya tatu. Hapo atakuwa amestaafu, akiwa ametimiza miaka thelathini na mbili na miezi minne ya utumishi katika chuo hiki.

Wanafunzi wanamwita Mama Shaka. Analijua jina hilo. Aliwahi kuuliza ni nani aliyelianzisha, na tujuavyo sisi, uchunguzi bado unaendelea.

Msomaji atajiuliza kwa nini wasifu wa mtu mzito namna hii umeandikwa na dereva. Swali zuri, hata yeye angeliuliza. Ukweli ni kwamba wahadhiri wawili waliandika kabla yangu, watu wenye shahada za kutundika ukuta mzima. Mama akasoma wa kwanza, akaurudisha: “Huyu ananisifu sana. Anataka nini?” Akasoma wa pili, akaurudisha pia: “Huyu hajawahi hata kunisalimia.” Ndipo akanitazama mimi nikiwa nimesimama mlangoni na funguo za gari. “Andika wewe, dereva. Wewe angalau ulichonificha nakijua.” Basi nikakubali. Nilikomea darasa la saba, lakini nimeendesha lori la magurudumu ishirini na mawili kuvuka mipaka mitano, nimesimamishwa na askari wa kila lugha na wote wakaniachia. Mtu kama huyo hashindwi na kurasa tatu.

Alianza kazi kama mpiga chapa. Siku hizo kamati ilikuwa na meza moja iliyoazimwa maktaba, na mashauri yalikaa kwenye boksi la sabuni. Shauri likipotea, watu walisema panya. Mama hakuwaamini panya. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameomba kabati la chuma, akalipata, akaanzisha rejista, na panya wakaacha kabisa kuwa na hamu ya mashauri ya watoto wa wakubwa. Leo rejista ziko saba, na anajua kwa kichwa ukurasa wa kila jambo lililowahi kumkera.

Ofisi yake ni ile ya mwisho kwenye ujia wa chini, jirani na stoo ya viti. Nje kuna viti viwili: cha mlalamikaji na cha mlalamikiwa. Ameviweka vitazamane, maana anasema watu wakitazamana nusu saa, shauri moja kati ya manne hujimaliza lenyewe. Ndani hupokei chai kabla hujasema kilichokuleta. Ushahidi wowote unaingia kwenye bahasha, aliyeuleta anatia sahihi juu ya mkunjo wa bahasha, na yeye anatia yake juu ya hiyo. Hata Makamu Mkuu wa Chuo alitakiwa kutia sahihi, akiwa amebeba kibiriti kimoja kilichookotwa bwenini.

Mbinu zake ni za kwake peke yake. Palikuwa na bweni ambalo umeme ulikatika kila jioni kwa sababu ya majiko ya siri. Wakaguzi wakaingia, wakapekua mpaka chini ya magodoro, wasione kitu. Mama akaingia mikono mitupu, akanusa mapazia, chumba baada ya chumba, akaandika namba tatu za milango na kutoka. Wenye vyumba vyote vitatu wakakiri. Anasema pazia lililokunywa moshi wa vitunguu halina wakili. Mwaka mwingine kijana alimtuma mwenzake amfanyie mtihani. Mama akampa huyo aliyetumwa karatasi, akamwambia aandike jina lake mara ishirini, upesi upesi, mimi nina haraka baba. Kufika la kumi na moja, mkono ukachoka kudanganya, ukaandika jina la mwenyewe.

Nyumbani, nasikia, mambo ni yale yale. Mumewe, fundi saa, mtu mcheshi sana, alituambia siku moja hapa hapa ofisini: “Nyie mnaondoka saa tisa na nusu, mimi kamati yangu inaanza saa kumi na moja. Nikichelewa dakika kumi naulizwa shahidi wangu nani.” Mama alikuwa anasikia. Akamuuliza alikuja chuoni kufuata nini.

Sasa niseme la muhula huu, kwa sababu nilipewa kalamu kwa sharti kwamba nilitaje.

Mtihani wa mwisho wa muhula ulikuwa wa somo lenye wanafunzi wengi kuliko ukumbi. Wakagawanywa: kundi la asubuhi, kundi la alasiri, maswali tofauti, somo lile lile. Utaratibu wetu ni kwamba saa saba mfagizi anafagia ukumbi, anatoa kila kitu kilichobaki kwenye visanduku vya chini ya madawati, halafu anatia sahihi fomu iliyobandikwa mlangoni. Siku hiyo dada mfagizi alipigiwa simu kwamba mwanawe ameanguka shuleni, ana homa kali. Nilikuwa hapo nasubiri abiria wangu. Nikamwambia, “Nenda dada, huu ufagio mimi nitaumaliza, nimefagia malori makubwa kuliko huu ukumbi.” Akaenda mbio. Nikashika ufagio. Sijafika hata safu ya pili, wageni wa Makamu Mkuu wakawa tayari kwenda uwanja wa ndege, napigiwa honi kwenye gari langu mwenyewe. Nikatia sahihi ya dada mlangoni, nikaondoka.

Alasiri hiyo, msimamizi wa mtihani alikuta kikaratasi cha majibu kimekunjwa ndani ya kisanduku cha binti mmoja, safu ya nne, dawati la tatu. Binti wa mwaka wa mwisho, amebakiza wiki kumi amalize. Akaapa hajawahi kukiona. Kila mtu akasoma fomu ya mlangoni: ukumbi ulifagiwa, visanduku vilitolewa takataka, saa saba na dakika ishirini, sahihi hii hapa. Kwa hiyo karatasi haikuwepo kabla yake. Kwa hiyo aliingia nayo. Adhabu yake kwa kanuni zetu ni moja tu, kufukuzwa, na kikao kikapangwa baada ya siku tisa.

Barua ya kumwita kikaoni niliipeleka mimi mwenyewe bwenini. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante mjomba.

Nilinyamaza. Nilijiambia huenda kweli ameibia, wanafunzi unawajua wewe? Nikajiambia nikisema, dada mfagizi atafukuzwa kwa kuacha kazi, na mtoto bado mgonjwa. Dada naye aliitwa ofisini akasema amefagia, kwa sababu aliona akisema kweli nitafukuzwa mimi. Yeye ananilinda, mimi namlinda, na binti wa watu anazama katikati yetu.

Mama Shaka hakulala na shauri lile. Alimshuku binti kwanza, kama kawaida yake: akaomba madaftari yake yote akalinganisha mwandiko. Kikaratasi kilikuwa cha kuchapwa, hakikumsaidia. Akamshuku msimamizi, akataka kujua kama ana ugomvi na binti. Akamshuku mhadhiri wa somo. Akamshuku hata daktari wa zahanati, ambaye hakuwa na lolote zaidi ya kuwa mjumbe wa kamati na kuuliza mara mbili kikao kitaisha saa ngapi. Ujia mzima tukawa tunatazamana kwa pembe za macho. Mtu akikohoa, unajiuliza anamkoholea nani. Mimi nilianza kumshuku Mama mwenyewe: mbona ananiaga jioni kwa jina la kazi yangu, kisha ananyamaza kidogo?

Siku ya saba, saa nane kamili, saa ile ile ya mtihani, aliniambia nimfungulie ukumbi. Hii ndiyo desturi yake ya miaka yote, na wageni wa kamati huwa wanaicheka: hapeleki shauri la mtihani kikaoni kabla hajakaa kwenye dawati la mtuhumiwa, muda ule ule, na penseli mkononi. Ukumbi ulikuwa haujafunguliwa tangu mtihani huo wa mwisho. Akakaa safu ya nne, dawati la tatu. Mimi akaniweka kwenye kiti cha msimamizi, mbele, nimtazame. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba aliniweka pale ili yeye anitazame mimi.

Alikaa robo saa. Kisha akaanza kuinama, kisanduku kimoja baada ya kingine, safu ya nne, ya tano, ya sita. Maganda ya karanga. Kifutio. Kwenye dawati la nyuma yake akatoa karatasi, akainyoosha juu ya goti. Ilikuwa karatasi ya maswali ya kundi la asubuhi.

Aliitia kwenye bahasha, akaniambia nitie sahihi juu ya mkunjo, nami nikatia. Tulipofika ofisini akaitoa fomu ya mlangoni, akailaza kando ya bahasha. Wanaonifahamu wanajua mimi naandika vizuri. Sahihi yangu ina mkia unaozunguka na kurudi, niliujifunza kwa afisa forodha mmoja mpakani na sijawahi kuuacha. Dada mfagizi sahihi yake ni mikwaruzo miwili, kuku akipita haraka. Na kwenye fomu ile, jina la dada lilikuwa na mkia.

“Hata ukiiba jina la mtu,” akasema, “lazima ulirembe?”

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Yangu ilikuwa na urefu wa siku saba na iliishia kwenye kile kiti cha mlalamikiwa, maana aliniambia nitoke nikakae pale nifikiri. Akaniacha nusu saa. Kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu, na bado nilishindwa kukitazama. Kisha akatoka, akasimama, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: “Baba, kesho kutwa utasema mwenyewe, au nitasema mimi. Ukisema mwenyewe, ni kosa. Nikisema mimi, ni njama. Na yule binti hana muda wa kungoja uchague.”

Nilisema mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati akanisikiliza, akavua miwani, akaniuliza ndugu zake binti wamenipa nini ili niseme vile. Sikumlaumu, nyumba ile ndivyo ilivyo. Ndipo Mama akafungua bahasha mbele ya wote, akaweka mezani karatasi ya asubuhi, akasema hana hakika kwamba dereva ni mtu mkweli, lakini ana hakika ukumbi haukufagiwa, na kamati haiwezi kumfukuza mtu kwa ushahidi wa ufagio uliokuwa umeegemea ukuta. Kura zikapigwa. Binti akafutiwa shauri. Mimi nikapewa barua ya onyo, aliyoipiga chapa Mama mwenyewe bila kupunguza hata neno, na miezi miwili ya kuhesabu viti stoo badala ya usukani. Dada mfagizi, Mama alimtetea kwa barua ndefu: kwamba siku mtoto anaugua, mkuu wake ndiye aliyepaswa kumpatia mtu wa kushika nafasi. Tangu hapo fomu ya mlangoni ina mstari mpya wa jina la aliyeshika nafasi, na kila mtu anaandika lake.

Matokeo yalipotoka, binti alikuwa amefaulu kwa alama ya chini kabisa inayoitwa kufaulu. Mama alifurahi kuliko binti. “Nilijua,” alisema. “Aliyeibia hapati hii.”

Wiki iliyopita binti huyo alileta fomu yake ya kumaliza chuo. Kila ofisi inatia sahihi, maktaba, zahanati, bweni, na ya mwisho ni ya nidhamu, kwamba mwenye fomu hana shauri. Nilikuwepo. Mama alimsalimia vizuri, akamuuliza hali ya mama yake, akampa kiti. Halafu, mbele ya macho ya binti aliyemwokoa kwa mikono yake mwenyewe, akafungua kabati, akashusha rejista ya saba, akapitisha kidole kwenye ukurasa mpaka akaona kwa macho yake neno “limefutwa”. Ndipo akatia sahihi. Binti alicheka huku analia. Mimi nilitazama dirishani, nina mambo yangu.

Mama yetu, umefanya kazi miaka yote hii bila kumwamini mtu hata mmoja, na hakuna mtu hapa ambaye hakukuamini wewe. Kamati inakushukuru, ujia wa chini unakushukuru, dada mfagizi ameniomba niandike kwamba mtoto amepona na anakusalimu. Atakayekirithi kiti chako alitambulishwa kwetu jana. Alikuwa anacheka na kila mtu, nasi tumeanza kumchunguza. Nenda salama, mama, ukawe na siku ndefu na afya nzuri, wajukuu wa kutosha wa kuwahoji, na mume mwenye mashahidi. Nimeyasema haya yote kwa hiari yangu, na sahihi iliyo hapa chini ni yangu mwenyewe, na mkia wake.

Dereva wa Ofisi