Jeki Iliyozaliwa Siku Moja na Gari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi wa kushona viti vya magari. Mtaani kwao walimwita Orijino. Mama yake naye alimwita hivyohivyo akiwa na furaha. Akiudhika ndipo alipomwita mwanangu.

Mama huyo yupo, anatusikiliza. Ametuomba tusipambe. Alisema, "Semeni ilivyokuwa. Kuna mama mwingine huko ana mtoto wa namna hii."

Basi tuseme ilivyokuwa.

Orijino alikuwa fundi wa viti, na fundi hasa. Ukimpelekea kiti kilichochanika, alikigeuza juu chini, akanusa sponji, akakwambia gari lako lilinyeshewa ukaliacha bila kulianika. Na ni kweli ulikuwa umeliacha. Mkewe aliondoka zamani. Aliondoka kabla ya gari kuja, tusije tukalisingizia gari. Nyumba ikabaki na watu wawili, mama na mwana, na meza ya kulia chakula iliyokuwa kubwa kuliko mazungumzo yao.

Kisha likaja gari.

Siku ya kununua kulikuwa na magari mawili ya kuchagua, yote ya mbio, ya zamani, ya viti viwili. La kwanza lilikuwa jekundu. Mwenyewe alikuwa amelitia injini ya gari jingine, breki za kisasa, usukani mwepesi na mikanda ya usalama. Ukigusa ufunguo linanguruma. La pili lilikuwa la buluu iliyopauka, halijatembea miaka, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Lakini namba ya injini na namba ya bodi zilikuwa zilezile za kiwandani. Hakuna kilichobadilishwa.

Orijino hakwenda peke yake. Alikwenda na rafiki yake tangu utoto, makenika aliyeitwa Spana. Spana alizunguka magari yote mawili, akapiga mateke matairi, akasema, "Kaka, chukua linalokwenda. Hili la pili unanunua banda la kuku."

Orijino akachukua banda la kuku.

Mama alipouliza kwa nini, alimjibu kwamba gari likishatolewa injini yake linabaki jina tu. Akamwambia, "Mama, wangekubadilisha moyo, figo na sura, ningekuita mama?"

Mama akasema, "Wangenibadilisha hata goti moja tu ningewashukuru."

Walicheka siku hiyo. Mama anasema anaikumbuka kwa sababu vicheko katika nyumba ile havikuwa vingi.

Wasikilizaji wapendwa, kazi ilichukua muda mrefu. Orijino alikuwa na sheria yake moja: kilichotoka kiwandani na gari kirudi kwenye gari. Alivifumua vile viti akakuta ndani manyoya ya farasi, akatafuta manyoya ya farasi. Uzi ulikuwa wa pamba, akatafuta wa pamba. Spana alishughulikia injini. Alikuja na vifaa vyake, jeki kubwa ya magurudumu na vile vyuma vinne vya kuegemezea gari likishanyanyuliwa, akaviacha palepale kwenye gereji iliyopakana na nyumba. Sahani ya Orijino ilihamia huko. Mama akawa anakula mezani peke yake, anasikia nyundo kupitia ukutani. Alisema nyundo ile ilimtosha. Ilimwambia mwanawe yupo.

Neno lilizuka juu ya mikanda. Gari lile lilitoka kiwandani bila mikanda ya usalama. Orijino alikuwa amemwahidi mama kwamba kiti cha pili ni chake, na safari ya kwanza ni yake. Mama akasema haingii humo bila mkanda. Spana akawa upande wa mama. Alimuuliza rafiki yake mbona matairi ameweka mapya, kama kweli anafuata asili.

Orijino akajibu kwamba tairi ni kiatu, na kiatu si mwili.

"Basi na mkanda ni nguo," Spana akasema. "Lifunike mwili, kaka."

Hakukubali. Mama anatuambia kwamba alimwona mwanawe amesitasita, lakini ubishi ulikuwa umeshamkaa.

Siku moja Orijino alikwenda kutafuta ngozi ya kumalizia milango. Spana alibaki. Alichukua drili, akatoboa sakafu ya gari matundu mawili kwa kila kiti, akafunga mikanda. Alitaka rafiki yake akirudi amkute mama ameketi ndani, mkanda umemkaa kifuani, ubishi umekwisha. Na mama aliketi. Anasema kiti kilikuwa laini kama cha mtu aliyefikiriwa.

Orijino aliporudi hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. Alimsaidia mama kushuka, akapiga magoti, akaingiza kidole kwenye tundu moja.

"Umelitoboa," akasema.

"Nimekutengenezea."

"Umelitoboa."

Spana akakusanya vifaa vyake. Akabeba jeki yake ya magurudumu. Akabeba vyuma vyake vinne. Mlangoni alisema tu kwamba akihitajika, njia ya kwake inajulikana.

Hapo, wasikilizaji, ndipo upweke ulipoingia ukavua viatu. Watu wawili waliokula pamoja toka wakiwa na meno ya utoto wakawa hawasalimiani. Mama alimpigia Spana simu. Spana akamwambia, kwa adabu, kwamba yuko tayari, ila anangoja mwenyewe amwite. Mama akaufikisha ujumbe kwa mwanawe. Orijino akasema anayekosea ndiye anayekuja. Yule anangoja huku, huyu anangoja kule, na mama katikati kama mlango usiokuwa na kitasa. Nyundo nayo ikanyamaza. Mama akawa anakula na hasikii kitu.

Kisha likatangazwa onyesho la magari ya zamani. Kwenye maonyesho hayo majaji hulala chini wakachungulia sakafu. Hufungua buti kuangalia kama vifaa vya kiwandani vipo. Orijino akang'oa mikanda. Akakata viraka vya bati vya kuziba matundu, na viraka hivyo vilitakiwa kupimwa kwa chini.

Chini ya gari utafikaje, na jeki ya Spana imeshaondoka? Angeweza kuazima kwingine. Lakini kwenye buti palikuwa na mfuko wa turubai, na ndani yake jeki ndogo iliyokuja na gari. Ya kiwandani. Ya kubadilishia tairi njiani na kuendelea na safari. Orijino alikuwa ameisugua kutu na kuipaka mafuta mpaka ikang'aa.

Mama alimkuta mchana ule anaizungusha mkononi. Akamuuliza kama kijiko hicho ndicho kitakachobeba gari.

"Mama," alimjibu, "hiki na gari wamezaliwa siku moja. Hakiwezi kulisaliti."

Ndilo neno la mwisho mama alilosikia kutoka kwake.

Aliingia ndani kuosha vyombo. Baada ya kitambo akasikia sauti kutoka gerejini. Sauti za wanaume wawili wakizungumza, mmoja akacheka sana. Mama akakausha mikono. Akasema moyoni, Spana amekuja. Wamepatana. Hakutaka kuwaharibia, kwa hiyo hakuita. Akabandika chai. Akaitengeneza taratibu, awape nafasi. Akatoa vikombe vitatu, akavipanga kwenye sinia, akatoka navyo.

Ilikuwa redio, wasikilizaji wapendwa. Redio juu ya benchi, inazungumza na kucheka yenyewe. Gari lilikuwa limeinama upande mmoja, limeshuka chini kuliko inavyopaswa. Miguu ya Orijino ilikuwa nje. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka.

Sisi watu wa redio hupenda kusema tunawatoa watu upweke. Siku ile sauti zetu zilijaa gerejini, na hazikuweza kunyanyua hata tairi.

Spana alikuja na jeki yake ya magurudumu. Ndiyo iliyomtoa rafiki yake. Tangu hapo kila Jumapili huja, hukaa na mama kwenye ile meza kubwa, wakala pamoja.

Msibani palikuwa na waliosema sikio la kufa halisikii dawa. Mama aliwajibu hapohapo, na tunayarudia maneno yake kama alivyoyasema: "Mwanangu alikuwa anasikia. Alinisikia vizuri sana. Ila alikipenda kitu kisichojua kama yeye yupo."

Wanunuzi hufika, maana gari ni zuri. Wote huanza na swali moja: ni la asili? Mama huwaambia lina matundu manne sakafuni, na atakayelichukua atarudisha mikanda mbele ya macho ya mama, naye mama akiwa amesimama pale. Wengi hushukuru wakaondoka. Gari bado lipo.

Hatusemi mtu asipende cha asili. Rangi, viti, taa, hata injini, vishikilie ukipenda. Lakini breki, mkanda na jeki, jiulize kwanza: hiki kikishindwa, nani atakuja na sinia? Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Gari likishapanda, liegemeze kwenye vyuma vyake. Na usiingie chini peke yako. Kama mwenzako mmegombana, mwite kwanza. Gari litangoja.

Kwa mama, kwa Spana, kwa wote waliokalia viti alivyovishona, tunawapa pole. Mungu awape nguvu.

Na wewe unayetusikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu yuko gerejini, au uani, au chumba cha nyuma, na unajua yupo kwa sababu tu unasikia redio yake, punguza sauti yetu sasa. Nenda mlangoni, umwite. Usirudi kukaa mpaka aitike.