Bi. Roseline na Karanga za Mama Yangu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhifadhi habari za familia za eneo letu la Kanyodera, Bi. Roseline Akoth anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Siku hiyo atarudisha ufunguo wa chumba cha picha, tutakula pilau, tutapiga makofi, nami Willis Ouko, niliyekalia meza ya pili miaka yote hiyo, nitapiga makofi kama wengine. Mhariri wa jarida letu la wafanyakazi alinipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, alisema, mimi ndiye ninayemfahamu zaidi. Angejua ninavyomwonea wivu, angemtafuta mtu mwingine. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Tuliajiriwa wote wawili wiki ileile katika Kituo cha Kumbukumbu za Familia, ofisi ya vyumba viwili kando ya barabara ya kwenda Oyugis. Kazi ilikuwa kuzunguka boma kwa boma, kurekodi wazee, kunakili picha na kuandika nani alizaliwa na nani kabla wanaojua hawajatutoka. Mimi nilikuja na kinasa sauti na maswali yaliyopangwa. Roseline alikuja na mdomo. Tusidanganyane, si mnyenyekevu huyu. Akivaa kitenge kipya, hata mlinzi wa langoni ataambiwa kimenunuliwa wapi na fundi alikuwa nani.

Akifika nyumbani kwa mtu haulizi kitu. Anavuta kigoda, anaanza kumenya karanga au kuchambua dagaa wa omena pamoja na mwenye nyumba, kisha anausengenya ukoo wake mwenyewe: shangazi aliyetoroka siku ya harusi, mjomba aliyekula mbegu za kupanda. Kabla beseni halijajaa, mwenyeji ameona haya kunyamaza, naye anatoa ya kwao. Nilipoijaribu mbinu hiyo nilimwaga beseni. Mzee wa boma lile alinipa chai akaniambia mkewe amelala. Mke mwenyewe nilikuwa namwona dirishani.

Wakati mmoja tulivuka hadi kisiwa cha Remba kuzitafuta familia za Kanyodera zilizohamia huko kuvua. Nilitapika njia nzima. Yeye aliimba nyimbo za kanisa. Tuliporudi, mimi nilikuwa na viatu vilivyolowa, yeye alikuwa na bahasha ya picha za harusi za zamani na samaki mzima, mbuta, aliyezawadiwa. Alinigawia kichwa. Nilikila, na wivu wangu pembeni.

Ni yeye pia aliyetaka Bi. Kaltum, mwenye duka la vitambaa Oyugis, aingizwe katika kumbukumbu zetu. Nilipinga, nikasema babu yake alikuja hapa kutoka Garissa kufanya biashara tu. Roseline akanitazama juu ya miwani. "Willis, na nguo za harusi za hao watu wako zilitoka wapi?" Leo picha ambazo babu yule aliwapiga wateja wake ndizo wageni wanaziomba kwanza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu kila akisifiwa alizidi kukaza kamba.

Yote hayo ningemsamehe. Lililonishinda ni jambo la mjukuu wangu.

Kwetu, mtoto mchanga akilia asinyamaze, hutajiwa majina ya jamaa waliotangulia, mmoja baada ya mwingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Familia zilizosahau majina ya watu wao zimekuwa zikiwaleta watoto ofisini kwetu, na Roseline amewapa majina nusu ya Kanyodera. Novemba iliyopita mke wa mwanangu, Cate, alipojifungua, nilijiambia, hii ni zamu yangu. Nilisimama katikati ya sebule, nikamtaja baba, babu, baba wa babu na ndugu zao wote. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka.

"Baba, pole," Cate akasema, "si tumwite tu Madam Roseline?"

Akaja, na kitenge chake kipya. Akamkumbatia mtoto, akataja wanawake, wengine sikuwahi kuwasikia. Alipofika "Robi", mtoto akanyamaza, akaanza kutafuta ziwa. Nikauliza Robi ni nani katika nyumba hii.

"Ni mama yangu," akajibu mama yangu, Mzee Priscah, kutoka kwenye kiti chake.

Nyanya niliyemjua kule Suna, kumbe, alikuwa mama wa kambo wa mama. Mama yake wa kumzaa alikuwa Mkuria, akamfia angali mtoto. Roseline aliyajua haya siku nyingi, maana kila Alhamisi alikuwa akipita kwa mama kumenya karanga. Mama alimpa Roseline mama yake. Mimi alinipa chai.

Nilimuuliza mama kwa nini. "Wewe ulikuja na hicho kitu chako, ukaniuliza ya kina baba yako," alisema. "Nyar Kabondo alikuja tumenye karanga." Ndivyo anavyomwita Roseline, binti wa Kabondo. Mimi ananiita Willis, na siku hizi, umri ukimzidi, mara nyingine ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Ndiyo maana wivu huu unaniuma kuliko wa ofisini: yaliyobaki kichwani mwa mama yanapungua, na nayataka. Juzi nilimwambia mama kwamba Roseline anastaafu. Uso ukachangamka. "Basi sasa atakuja kila siku!" Hakuniuliza mimi nitastaafu lini.

Bi. Roseline, Kanyodera inakushukuru. Umetuachia watu wetu wakiwa na majina na nyuso. Sisi wa ofisini tunakuombea afya, mvua kwa wakati, na wajukuu wasiokuacha ulale mchana. Robi ameota meno mawili. Mama anakungoja Alhamisi, na gunia la karanga limeshafika kutoka Migori. Kigoda chako nimekiweka mahali pake. Changu nimekiweka karibu na mlango. Mkiongea, tafadhali, ongeeni kwa sauti.