Aanguke Raundi ya Nane

Benchi la kinyozi Wembe lilikaa nje ya duka lake la kunyolea, Barabara ya Saba, Oakland, karibu mno na reli hata kila treni ikipita kahawa humwagika. Ulikuwa mwaka mmoja tangu tetemeko liibomoe San Francisco ng'ambo ya ghuba, na wapo walioapa kwamba benchi lile halikutikisika, kwa uzito wa uongo uliokalia juu yake. Asubuhi hiyo hakuna aliyecheka. Jaji alifika na hasira kabla hajavua kofia ya kazi. Hakuwa jaji wa popote. Alikuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala, Hezekia Lomax kwa jina, ila pale kijiweni hukumu ilikuwa yake.

Kilichomchoma ni habari za Ambrose Tolliver, bondia wao, kijana ambaye hakuna aliyewahi kumwona chali. Miaka nenda miaka rudi Ambrose alimtaka bingwa wa uzito wa juu, na bingwa akajibu kwamba yeye hapigani na watu weusi. Sasa promota ameleta neno: apigane kwanza na mpambe wa bingwa, Mzungu mwenzake, na aanguke raundi ya nane. Akikubali, huenda mwakani bingwa akamfikiria. Akikataa, hapati tena pambano pwani yote hii. Jibu lilitakiwa kabla ya feri ya saa sita mchana.

— Kwa nini ya nane? — aliuliza Jaji. — Si bora ya pili, tukalale mapema?

— Senema hiyo, — alisema Wembe, akinoa wembe kwenye mkanda. Ndiye aliyeshika taulo na sifongo katika kona ya Ambrose, kwa hiyo alisikilizwa. — Wanapiga picha pambano zima. Nani atatoa kiingilio kutazama mtu akianguka mara moja, basi?

Shemasi, aliyekuwa na methali kwa kila jambo na mara chache kwa jambo lenyewe, alipuliza kahawa yake.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ndugu zangu.

— Ainame, Shemasi. Nani kamwambia alale?

— Basi mwenda pole hajikwai. Aanguke polepole.

Jaji alimwambia methali zilizobaki akaziweke kwenye sahani ya sadaka. Shemasi hakuudhika, maana alikuwa na siri kubwa zaidi: bingwa ana taya bovu, ngumi moja tu ya Ambrose ingelipasua kama kikombe. Wembe akapinga. Si taya, ni macho. Bingwa haoni vizuri, kilichobaki kwake ni kutambua rangi tu. Shemasi akapanda dau: bingwa alikwishakufa, anayetembezwa mjini ni pacha wake. Siku nyingine Jaji angelitupa nje shauri hilo. Leo alilipokea, akaongeza kwamba hata Rais anajua.

— Asianguke, — alihukumu. — Mtu mweusi akipiga goti mara moja, watamdai goti hilo maisha yake yote. Heri akabebe makasha bandarini, lakini wima.

— Makasha hubebi wewe, Jaji, — alisema Wembe.

— Na goti sijampigia mtu.

Wembe aliitazama ile kofia ya kazi, akarudi kwenye mkanda wake.

Hapo ndipo Ambrose alipotokea, kavaa suti ya kanisani, anaelekea kwenye feri. Aliwaamkia wazee wake, akakataa kuketi. Alisema amekata shauri kukubali. Watoto bado wanalala hemani tangu tetemeko, na mama yao hakohoi tena kikohozi cha kawaida. Jaji alifungua mdomo amlaani, lakini kijana alikuwa hajamaliza.

— Nina swali, wazee wangu. Mtu huangukaje? Mimi sijawahi. Nikikosea watu watajua, na promota hataki wajue.

Treni ikapita, kahawa ikamwagika, hakuna aliyefuta. Jaji alijua jibu. Alfajiri hiyo abiria mmoja alimwita George, jina ambalo abiria huwaita wahudumu wote wa mabehewa, akamnyooshea kiatu kisuguliwe. Hezekia Lomax, mtu mwenye wajukuu, alipiga goti zuliani huku akitabasamu. Alijua goti lipi hutangulia na uso ufanyweje. Hasira aliyoamka nayo ikamgeukia mwenyewe.

Ambrose alivua kofia, akampa Shemasi aishike. Kisha pale pale kando ya barabara, mbele ya wapita njia, akashusha goti moja vumbini.

— Hivi?

Wembe aliinua birika angalau ammiminie kahawa, yalitoka machicha. Jaji alitaka kumwambia kwamba hivyo sivyo, mtu akianguka haachi macho juu namna ile. Aliishika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili, akaangalia chini.

— Jaji, — alisema Ambrose, goti bado vumbini. — Wewe ndiye mkubwa hapa. Ni hivi?