Bunduki ya Lomayani

Landrova ya kwenda Endulen ilikuwa imeshaiacha Karatu nyuma, na Naisenya alikuwa anatafuna muwa wake, wanaume wawili waliokaa mbele yake walipoanza kubishana.

"Kibali ninacho miaka kumi na tano," alisema Lomayani, mfugaji. "Juzi polisi wakaja kuichukua bunduki. Eti kuna mtu kaandika barua kwamba mimi ni hatari. Nikaomba kuiona barua, wakakataa. Nikaomba wanisikilize, wakaniambia nisubiri. Wezi wa ng'ombe watasubiri?"

"Bora waichukue kwanza, mzee, maswali baadaye," alijibu Eliapenda, mwenye duka kule Endulen. Tangu wapande gari alikuwa hajamtazama mwenzake usoni.

"Na aliyeandika akiwa mwongo?"

"Mwongo wapi! Mtu anaitemea bunduki mate huku anataja jina la mtu, huyo ana nia gani kama si kuua?"

Naisenya aliacha kutafuna. Habari ya mate mzee hakuwa ameigusa kabisa.

Lomayani alimgeukia. "Jina lile ni la mwanangu Supeet," alisema taratibu. "Tulikuwa tunatoka kwenda kulinda ng'ombe, nikamwombea. Kwetu mate ni baraka, bwana, hata mtoto mchanga tunamtemea. Sasa niambie, siku ile wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Gari likasimama kwenye geti la Lodoare, la kuingilia hifadhini. Eliapenda alishuka bila kuaga, na katoni zake za sabuni zikaendelea na safari ya Endulen peke yake.