Kichwa cha Mbuzi na Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Mika

Ndugu waombolezaji, Mwalimu Mika Elihuruma Sumari, ambaye habari zake zinasomwa na mdogo wake Philemoni kwa niaba ya familia, alizaliwa hapa Akheri, Meru, tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa tatu, na tangu siku hiyo hakuna aliyefanikiwa kumwambia basi, inatosha.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini mwaka 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari na chuo cha ualimu, akaajiriwa tarehe 1 Julai 1995 kufundisha biolojia, kazi aliyoifanya mpaka alipougua. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Penina, mwenye subira kuliko sisi wote, wakajaliwa Lilian na Calvin.

Oktoba 2023, wenzake wakihesabu miaka ya kustaafu, yeye alijiandikisha shahada ya uzamili, akakutana na kozi iitwayo utangulizi wa sayansi ya ubongo na neva, utangulizi gani huo wenye kitabu kizito kama tofali. Krismasi hiyo alikitwaa kichwa cha mbuzi kabla hakijaingia sufuriani, akakipasua kwa msumeno juu ya meza ya Penina ili autazame ubongo, wazee wakakosa supu yao, na wapo hapa ambao hawajasamehe. Wageni aliwagonga magoti kwa mwiko kupima neva zao, mama mkwe akisahau jina la mtu aliambiwa ni sehemu gani ya ubongo imechoka, na Philemoni alipewa magonjwa manne, asiugue hata mmoja. Julai 2024 alifeli, akarudia kozi, na nyumba nzima ikairudia pamoja naye.

Kwa hiyo Septemba 2024, debe la kahawa lilipomponyoka mkono wa kushoto shambani, naye akasema tatizo liko upande wa kulia wa ubongo, akaweka alama kwa kalamu kwenye mchoro wa daftari lake, Philemoni alimjibu mbele ya wachumaji kwamba amechoka kuhubiriwa neva, afunge kitabu, mkono utapona wenyewe. Mika, mbishi kuliko wote waliozaliwa Akheri, siku hiyo hakubisha. Hospitali hakwenda, kwa miezi mitano akabebea debe mkono wa kulia, na tarehe 3 Februari 2025 akafanya mtihani wa marudio.

Tarehe 20 Februari alianguka darasani, kipimo kikaonyesha uvimbe kwenye ubongo, na daktari alipoweka kidole kwenye picha, Philemoni alifungua daftari, akaiona alama ya kaka yake iko palepale. Daktari alisema huenda hata kuwahi kusingesaidia, Philemoni amelisikia hilo, wala halijamtosha. Matokeo ya mtihani yalimkuta wodini mwezi Machi, alama B, ambayo marehemu aliagiza isipandishwe leo kwa ajili ya sifa. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nane mchana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na ndizi, walimu wenzake, na wanachuo wenzake, vijana wa rika la Lilian, waliomsomea notisi kitandani. Wazee wetu, kichwa cha mbuzi wa leo kimeingia sufuriani kizima.

Kaka Mika, maisha yako yote mdogo wako hakuwahi kukuambia neno hili, analisema sasa mbele ya watu wote: ulikuwa sahihi. Pumzika, Mwalimu.